Kuolewa tena ukiwa na parsele na watoto: anzia wapi?

Mama uliyeuliza toka Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, nimekuelewa hivi: wewe ni mjane mwenye watoto watatu, parsele (kiwanja chenye nyumba) ingali kwa jina la marehemu mume wako, bwana mpya aliachana na mke wa kwanza, na unataka karatasi ya kulinda mali kabla ya arusi ya komini, yaani ya serikali ya mtaa. Karatasi hiyo ipo, ila usianze nayo.

Anza na urithi. Mkiwa hamkuchagua utaratibu wa mali siku ya ndoa, sheria ya jamaa ya 1987 iliwaweka katika ubia wa mali za chumo, yaani zilizopatikana ndani ya ndoa. Tuseme mliinunua parsele pamoja, leo ni dola 24,000. Zako ni 12,000. Katika 12,000 za marehemu, watoto wanachukua robo tatu, yaani 9,000. Zinazobaki ni 1,000 kwako, 1,000 kwa wazazi wake, 1,000 kwa ndugu zake. Kumwandikia notere (mthibitishaji wa hati) kwamba nyumba yote ni yako ni kuwapa mashemeji kesi rahisi.

Kwa hiyo: kikao cha jamaa chenye muhtasari uliosainiwa, mahakama imthibitishe msimamizi wa urithi, kisha setifika mpya (hati ya kumiliki ardhi) kwa konservatere, ofisa wa hati za ardhi. Fishi ya parsele, ile karatasi ya kiwanja tu, haitoshi. Sheria ya ardhi ya 1973 inatambua setifika. Na jambo ambalo wajane wengi hawaambiwi: haki yako ya kukaa katika nyumba ya marehemu inakatika ukiolewa na kuishi na bwana mpya humo humo.

Bwana naye alete hukumu ya talaka pamoja na cheti kwamba haikukatiwa rufaa. Makubaliano ya familia na mahari kurudishwa hayavunji ndoa ya Leta, yaani ya serikali.

Ndipo uchague utaratibu wa mali. Kuna kutenganisha mali, ubia wa chumo, na ubia wa mali zote. Kwa mwenye watoto wa ndoa ya kwanza mimi nasema tenganisheni. Ubia wa mali zote usiuguse. Uamuzi uutaje mnapopeleka dosie komini, maana siku ya arusi swali linaulizwa mmesimama, wageni wanapiga vigelegele, na ukinyamaza umeangukia chumo. Soma akti ya ndoa kabla ya saini. Orodha ya mali kwa notere itaje namba za setifika, namba za gari, na madeni. Madeni ndiyo watu husahau.

Kutenganisha hakufuti urithi. Ukifa, bwana mpya bado ana fungu lake dogo, na mtoto mtakayemzaa anarithi sawa na hao watatu. Akitaka kujenga aneksi (nyumba ya nyongeza) kwenye parsele yako kwa makuta yake, yaani pesa zake, andikianeni kabla tofali la kwanza halijawekwa: kiasi gani, ni mkopo au zawadi, fakitire (ankara) za saruji na mabati kwa jina la nani.