Wanaoendesha Ulaya wanatoka wapi? Maswali na majibu

Maswali ya safari hii yanahusu watu wanaokaa nyuma ya mawaziri na makamishna wa Ulaya: wamesomea wapi, wameingiaje kazini, wakitoka wanaelekea wapi. Majibu mengine ni marefu kuliko mengine kwa sababu maswali hayalingani uzito.

Nasikia marais wa Ufaransa wote wanatoka shule moja. Ni kweli? Na kwa nini Macron aliifunga? (Msomaji, Morogoro)

Si wote. Ni wanne kati ya wanane wa Jamhuri ya Tano, yaani mfumo wa utawala wa Ufaransa tangu 1958: Giscard d'Estaing, Chirac, Hollande na Macron mwenyewe. Shule hiyo ni ENA, shule ya taifa ya kuandaa maofisa wakuu wa serikali, iliyoanzishwa Oktoba 1945 chini ya serikali ya muda ya de Gaulle, na aliyeisimamia ni Michel Debré. Nia ilikuwa njema. Kabla ya hapo kila idara kubwa ilikuwa na mtihani wake, na waliofaulu walikuwa zaidi vijana wa familia zenye nafasi za Paris. Debré alitaka mtihani mmoja, wazi kwa kila Mfaransa.

Tatizo lilijificha sehemu mbili. Ya kwanza ni mahojiano ya kuingia, ambapo kijana alihojiwa na jopo juu ya jambo lolote, kuanzia uchumi hadi uchoraji. Mtoto aliyekulia kwenye nyumba yenye maktaba, mama mwalimu na baba mkurugenzi, alianza maandalizi ya mahojiano hayo mezani kwao akiwa na miaka kumi. Mtihani ni mmoja kwa wote. Maandalizi si mamoja.

Ya pili ni orodha ya matokeo ya kumaliza masomo. Waliokaa juu walichagua kazi kwanza, na karibu kila mwaka walichagua Baraza la Serikali, Mahakama ya Hesabu au Ukaguzi Mkuu wa Fedha. Kijana ambaye hajawahi kusimamia hata ofisi ya wilaya alipata cheo cha kumlinda maisha yake yote. Mtazame Macron: alimaliza 2004, katika darasa ambalo wanafunzi walilipa jina la Senghor wa Senegali. Akaingia Ukaguzi Mkuu wa Fedha, 2008 akaenda benki ya Rothschild, 2012 akarudi Ikulu kama naibu katibu mkuu wa Hollande. Na Hollande naye alikuwa darasa la 1980 pamoja na Ségolène Royal na Dominique de Villepin. Royal aligombea urais kwa upande wa kushoto mwaka 2007 wakati Villepin akiwa waziri mkuu wa upande wa kulia. Wapiga kura waliona kambi mbili. Wao walikuwa wanafunzi wenzao.

Hasira za Vizibao vya Njano, waandamanaji waliopinga serikali, zilipolipuka Novemba 2018, shule hiyo ikawa alama ya kila kilichowakera wananchi. Macron aliahidi kuifunga 2019, akatangaza rasmi Aprili 2021, na tangu Januari 2022 ipo shule iliyochukua nafasi yake, INSP, palepale Strasbourg ENA ilipokuwa. Kubadilisha jina hakunishawishi. Lililo zito ni kwamba wahitimu hawaruki tena kutoka darasani hadi kwenye zile ofisi tatu. Wanaanza kama watendaji wa serikali wenye kada moja. Hilo likilindwa, litaleta tofauti. Ila swali la mezani kwao, kwa mtoto wa miaka kumi, bado halijajibiwa.

Na nchi nyingine zina shule kama hiyo? (Msomaji, Bukoba)

Ujerumani haina. Huko mlango mkuu kwa miaka mingi umekuwa shahada ya sheria na mitihani miwili ya serikali. Uingereza ilianza kusukuma uteuzi kwa mtihani badala ya kujuana tangu ripoti ya Northcote na Trevelyan ya 1854, lakini upande wa siasa shule ya Eton, ya kulipia na ya gharama kubwa, peke yake imetoa mawaziri wakuu 20.

Huku kwetu tunalalamika watoto wa vigogo wanabebwa. Brussels nako ni hivyo? (Msomaji, Tanga)

Kuajiriwa Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya kinachoongozwa na makamishna, kama mtumishi wa kudumu kunahitaji mtihani wa ushindani, uraia wa nchi mwanachama na angalau lugha mbili za Umoja huo. Wanajitokeza maelfu kwa maelfu, wanaopita ni wachache. Hapo kubebwa si rahisi, na naheshimu mfumo huo.

Kurithiana kupo kwa njia nyingine. Ursula von der Leyen, aliyeshika urais wa Tume mwaka 2019, alizaliwa Brussels 1958. Baba yake, Ernst Albrecht, alikuwa ofisa wa Tume tangu mwanzo wake na akapanda hadi mkurugenzi mkuu. Binti alisoma Uccle, mtaa wa Brussels, kwenye Shule ya Ulaya iliyojengwa kwa ajili ya watoto wa maofisa. Miaka michache baadaye akapita hapohapo Boris Johnson, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, ambaye baba yake pia alikuwa ofisa wa Tume. Hakuna aliyeiba mtihani. Wamekua wakizisikia lugha hizo na namna hiyo ya kuzungumza kabla hawajajua kuwa ni kazi.

Palipo na uficho zaidi ni ofisi binafsi za makamishna. Kila kamishna huchagua watu wake. Wakuu wa ofisi hizo hukutana Jumatatu, na wanachokubaliana mara nyingi hupita Jumatano makamishna wanapokaa. Ndiyo maana kisa cha Martin Selmayr kiliudhi wengi. Alikuwa mkuu wa ofisi ya Rais wa Tume wa wakati huo, Juncker. Tarehe 21 Februari 2018, katika kikao kimoja, aliteuliwa naibu katibu mkuu, kisha papo hapo akawa Katibu Mkuu wa Tume nzima. Mshindani wake kwenye nafasi ya naibu alikuwa msaidizi wake mwenyewe, ambaye alijitoa. Mchunguzi wa malalamiko wa Ulaya, Emily O'Reilly, alisema utaratibu haukufuatwa ipasavyo. Selmayr aliondoka mwaka uliofuata. Mtihani unalinda mlango wa chini. Vyeo vya juu kabisa ndivyo vinavyohitaji macho ya umma.

Kenya ilipojadili mkataba wa biashara na Ulaya, ilikuwa inazungumza na nani hasa? (Msomaji, Mombasa)

Na maofisa wa idara ya biashara ya Tume, huku nchi wanachama zikiwafuatilia kupitia kamati yao. Mazungumzo na Jumuiya ya Afrika Mashariki yalikamilika Oktoba 2014, lakini Kenya ilisaini peke yake mkataba wake Desemba 2023, ukaanza kutumika Julai 2024. Katikati wamepita makamishna wanne wa biashara: De Gucht, Malmström, Hogan na Dombrovskis. Kamishna anaondoka, faili linabaki idarani. Upande wetu tunahitaji watumishi wa kudumu wenye kumbukumbu kama hiyo, na kuwalipa vizuri.

Kuna mtu wa kwetu aliyefika huko juu? (Mwanafunzi, Lubumbashi)

Yupo, na ni wa Katanga: Cécile Kyenge, mzaliwa wa Kambove, daktari wa macho. Alikuwa waziri wa kwanza mweusi wa Italia, 2013 hadi 2014, kisha mbunge wa Ulaya hadi 2019. Alirushiwa ndizi mkutanoni akiwa waziri, na hakuacha kazi. Angalia njia yake: alipita kwenye siasa na kura.

Wakistaafu wanakwenda wapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Wengine benki. José Manuel Barroso, rais wa Tume hadi 2014, alijiunga na Goldman Sachs Julai 2016, miezi 18 ambayo aliyetoka Tume alipaswa kusubiri kabla ya kazi ya namna hiyo ikiwa imekwisha punde. Baada ya kelele, mwaka 2018 muda uliongezwa: miaka miwili kwa kamishna, mitatu kwa rais. Kuna kamati huru ya maadili inayotoa ushauri, lakini uamuzi wa mwisho unabaki kwa Tume yenyewe. Mimi ningeuondoa uamuzi huo mikononi mwao.