Kiwanja cha Mlingotini usikiuze

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Umeniuliza kati ya teknolojia, siasa na hii hali ya hewa inayobadilika, kipi kitaamua maisha ya watoto wako, na kama kile kiwanja cha Mlingotini, huku kwetu Bagamoyo, ukiuze. Unaogopa bahari itakila, au bandari itakichukua, au watoto watafanya kazi zao kwenye kompyuta huko mjini wasikihitaji tena.

Usikiuze. Ngoja nikueleze ninavyoona.

Hayo mambo matatu hayajawahi kuja Bagamoyo moja moja. Kaole, hapo jirani, ilikuwa mji wa biashara tangu karne ya 13. Ukienda leo kwenye magofu unaona misikiti na makaburi, ila bahari imejificha nyuma ya mikoko, palepale vyombo vilipokuwa vikiingia. Biashara ikahamia Bagamoyo. Halafu zikaja meli za moshi zinazotaka kina, na pwani yetu ni ya maji mafupi. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao makuu yao Dar es Salaam. Maji ya Bagamoyo yalikuwa yaleyale miaka yote. Vyombo ndivyo vilivyobadilika, na waliokuwa na amri wakaamua. Mamia waliokuwa wakila kwa misafara ya bara hawakuulizwa. Nilipofundisha darasa la sita nilikaa sana kwenye mwaka ule kuliko kitabu kilivyotaka, maana niliona ndipo mji wetu ulipogeuzwa na watu wasioishi humu.

Bandari kubwa iliyopangwa kujengwa Mbegani, huku kwetu, nayo unaijua. Mwaka 2013, Rais Xi Jinping wa China alipotutembelea, makubaliano yalisainiwa. Mwaka 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Mwaka 2019 Rais Magufuli akasema hadharani kwamba masharti yale hayakubaliki. Mwaka 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yanafufuliwa. Muda wote huo bei ya viwanja huku imepanda na kushuka kwa maneno ya madalali. Nimeona watu waliouza kwa hofu na sasa wanapanga chumba. Nimeona wengine wameacha kupanda minazi kwa kuwa waliambiwa eneo litatwaliwa. Mnazi unataka miaka kabla hujauangua, na hiyo miaka hairudi. Hata wewe, mwanangu, huo wasiwasi ulionao umeletewa na mtu anayetaka kununua.

Habari ya mwani tunaoulima baharini ndiyo ninayoijua kwa mikono yangu. Bamvua hili tulishuka alfajiri, maji yamekupwa mpaka vigingi vimeonekana vyote. Nikainua kamba. Matawi yamegeuka meupe kwenye vifundo, yamelegea, ukiyagusa yanakukatikia mkononi. Mengine yalishachukuliwa na mkondo, zimebaki tai-tai, vile vikamba vya kufungia, tupu kwenye kamba. Ni ugonjwa unaokuja maji yakizidi joto. Mwani mnene, kotonii, ndio wenye bei, na ndio unaokufa kwanza. Unaovumilia ni ule mwembamba, spinosamu, nao bei yake ni ya kusikitisha.

Watafiti wetu, akiwemo Dk. Flower Msuya wa Zanzibar, wamehimiza mwani upelekwe kwenye kina kirefu zaidi, ambako joto halipandi sana. Ni kweli kabisa. Lakini kina kinataka mashua na kinataka kuogelea, na sisi wanawake wa rika langu hatukufundishwa kuogelea. Joto limeipata bahari nzima. Hasara imemwangukia anayelima kwa miguu. Na fedha ya mashua kisheria ipo: kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa nchi nzima mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Huko juu ni mwaka mmoja wa kupanga upya utaratibu. Huku chini ni misimu ya kotonii iliyooza wakati kikundi chetu cha wanawake wa mwani kinasubiri. Ukiniuliza nani aliua shamba letu, bahari au siasa, siwezi kukutajia mmoja.

Simu siichukii, usinielewe vibaya. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa zilizunguka kwenye simu zetu mapema, wavuvi wakavuta ngalawa juu. Wazee walizijua pepo za kusi na kaskazi kuliko mtu yeyote, ila kimbunga hawakuwa na namna ya kukiona kikiwa bado mbali baharini. Hapo teknolojia imeokoa roho, na nashukuru.

Lakini kumbuka yaliyofuata. Mwezi huohuo nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari zilikatika, mtandao ukalegea nchi nzima. Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa, ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Wewe ulikuwa Dar, mimi huku, na habari za wajukuu zangu sikuzipata nilivyozoea. Mara ya kwanza ilikuwa hitilafu, nikasubiri mafundi. Mara ya pili ilikuwa uamuzi wa watu, na nilishikwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo wakati wa dhoruba yoyote. Kwa hiyo ukiniambia watoto wataishi kwa kompyuta, nakuuliza: swichi atakuwa nayo nani?

Ndiyo maana jibu langu ni siasa, ingawa sisemi ya majukwaani. Nasema ile ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao sheria inataka uitishwe kila miezi mitatu, na ambao wasomi wa umri wako hawaonekani. Mkutano uliopita hoja ilikuwa mikoko inayokatwa kwa ajili ya boriti na kuni. Mikoko hiyo ndiyo inayoshika udongo usiondoke na mawimbi, kiwanja chako kikiwemo. Tulisimama wanawake wa kikundi, tukabisha mpaka hoja ikaandikwa kwenye muhtasari. Angekuwepo kijana mmoja anayeweza kusoma ramani na kuandika barua ya kueleweka, tungefika mbali zaidi.

Basi fanya hivi. Kiwanja kipimwe na upate hati, maana bila karatasi siku ya uthamini wa fidia utabaki kusimulia tu. Ukijenga, jenga upande wa barabarani, uache minazi mbele. Watoto wasome hiyo kompyuta, tena vizuri, na likizo uwalete huku wafundishwe kuogelea, wa kike kwanza.

Mpima ardhi atapita wiki ya mwisho wa mwezi. Njoo na nakala ya kitambulisho chako cha taifa na yale makaratasi ya mauziano aliyokuachia marehemu baba yako. Dalili za mipaka upande wa kusini zimefutika, itabidi jirani awepo mnapopima. Nimeshamwambia.

Mama yako,
Mlingotini