Maswali ya Wasomaji: Majedwali Yaliyopangwa Upya

SWALI: Ndugu Mhariri, assalaam alaikum. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba. Pamoja na wenzangu tunatengeneza programu ya kusajili wanafunzi, na nyaraka zake tunazizalisha kwa Sphinx, programu inayogeuza maandishi ya kawaida kuwa kurasa za tovuti. Mwenzetu ameleta mabadiliko ya mistari mitatu ya CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa): table-layout ya majedwali, yaani namna ya kugawa upana wa safu, iwe fixed, upana wa jedwali uwe asilimia 100, na safu ya kwanza iwe asilimia 20. Ajabu ni kwamba kurasa zote za HTML nazo zinaonekana zimebadilika. Nimepewa kukagua, nisome nini?

JIBU: Waalaikumu salaam. Wingi wa kurasa usikutishe. Tangu toleo la 7.1 la mwaka 2023, Sphinx huambatisha msimbo wa utambulisho wa faili la CSS kwenye anwani yake ndani ya kila ukurasa, ili kivinjari kisiendelee kutumia nakala ya zamani. Kwa hivyo ukigusa hata herufi moja ya faili hilo, kila ukurasa unaoliita hubadilika mstari mmoja. Hayo hayana haja ya kusomwa, na kwa maoni yangu hayakupaswa hata kuletwa, kwani kurasa zinazozalishwa na mashine zikichanganywa na chanzo, yaani mafaili mnayoyaandika wenyewe, humficha mkaguzi kile anachotakiwa kukiona.

Kazi yako imo katika ile mistari mitatu. Kwa kawaida kivinjari hupima maandishi yaliyomo katika jedwali zima ndipo kigawe upana. Kikiambiwa fixed, hufuata vipimo vya safu ulivyoviandika au vya mstari wa kwanza, na yaliyomo katika mistari inayofuata hakiyajali. Mwenzenu amefanya vyema kuweka upana wa jedwali, maana ukiachwa auto, yaani kivinjari kijiamulie, hiyo fixed haifanyi kazi. Tatizo liko kwenye asilimia 20. Katika simu yenye upana wa pikseli 360, hiyo ni pikseli 72 tu, na herufi za msimbo za ukubwa wa pikseli 16 hapo hazikai hata nane. Jina kama orodha_ya_wanafunzi_waliosajiliwa halina nafasi ya kukatikia, basi litamwagikia safu ya pili na kuyafunika maelezo yake. Mwambie aongeze overflow-wrap: anywhere, inayoruhusu neno refu likatwe popote, au safu hiyo aipe upana mkubwa zaidi.

Zalisha nyaraka mara mbili, kabla na baada, kwa toleo lile lile la Sphinx, kisha fungua majedwali yenye majina marefu na yenye visanduku vilivyounganishwa. Mengine yapitie kwa haraka tu.

Ikiwa mnatoa pia PDF kwa njia ya LaTeX (programu ya kupanga kurasa za kuchapishwa), CSS haifiki huko: upana hupangwa katika chanzo chenyewe, na jedwali lenye zaidi ya mistari 30 Sphinx huligeuza lenyewe liweze kuendelea ukurasa wa pili. Iwapo mwenzenu ameandika kwamba mabadiliko yake yanarekebisha na PDF, sentensi hiyo aifute kabla hujampitishia.