Asili (namba za chini) za sehemu zikitofautiana, je, ni lazima kutafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika)?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu anasoma darasa la tano hapa Uyole, Mbeya. Alipewa swali la kujumlisha 5/6 + 3/8. Nikamwelekeza nilivyofundishwa zamani, kuzidisha asili kwa asili, 6 × 8 = 48, tukapata 58/48. Mwalimu wake amemwandikia atafute KDS, na jibu liwe 29/24. Njia yangu ni makosa? Na hiyo KDS inaingiaje kwenye sehemu?

Jibu: Marahaba, baba. Njia yako si makosa. Gawanya 58 na 48 kwa 2, utapata hiyo hiyo 29/24, yaani 1 na 5/24. Wewe na mwalimu mmetumia vigawe viwili tofauti vya shirika vya 6 na 8, yaani namba zinazogawanyika kwa 6 na pia kwa 8, basi.

Chukua mashamba mawili ya viazi yanayolingana, kila moja lina matuta 24 sawasawa. Sudusi ya shamba ni matuta 4, kwa hiyo 5/6 ni matuta 20. Thumuni ni matuta 3, kwa hiyo 3/8 ni matuta 9. Jumla ni matuta 29: shamba zima na matuta 5 ya ziada. Sasa jaribu shamba la matuta 10. Sudusi yake huipati bila kukata tuta. Ili sudusi itoke kamili, idadi ya matuta lazima igawanyike kwa 6, na ili thumuni itoke kamili, igawanyike kwa 8. Namba inayogawanyika kwa zote mbili ndiyo kigawe cha shirika, na hapo ndipo KDS, yaani kigawe cha shirika kilicho kidogo kuliko vyote, inapoingia. Vigawe vya 6 ni 6, 12, 18, 24, 30… na vya 8 ni 8, 16, 24, 32… Vinakutana kwanza kwenye 24, kisha 48, kisha 72, bila mwisho. Chochote kati ya hivyo kinafaa kuwa asili. KDS inapendwa kwa sababu inakupa namba ndogo za kufanyia kazi.

Faida hiyo inaonekana zaidi sehemu zikiwa tatu. Kwa 1/4, 1/6 na 1/10, ukizidisha asili zote unapata 240, wakati KDS ni 60 tu. Lakini kwa 3/4 na 2/5 njia yako na ya mwalimu zinatoa asili moja, 20, kwa kuwa 4 na 5 hazina kigawo cha shirika (namba inayozigawanya zote mbili) zaidi ya 1. Kwa namba mbili, zizidishe kisha gawanya kwa KKS yake (kigawo kikubwa cha shirika): 6 × 8 = 48, KKS ni 2, na 48 ÷ 2 = 24.

Kuna jambo ambalo watoto wengi huliamini nami nalipinga kila ninapolikuta: kwamba ukitumia KDS jibu haliwezi tena kurahisishwa. Tazama 1/6 + 1/10. KDS ni 30, tunapata 5/30 + 3/30 = 8/30, na hii bado inashuka hadi 4/15. Mtoto aliyeachia 8/30 hajamaliza kazi, hata kama KDS yake ni sahihi kabisa.

Mzoeshe pia kurahisisha kabla ya kuanza. Akipewa 3/6 + 4/10 akakimbilia KDS ya 6 na 10, atafanya kazi kwa asili ya 30. Akirahisisha kwanza atabaki na 1/2 + 2/5, asili inakuwa 10, na jibu 9/10 linatoka upesi.

Kulinganisha sehemu kunafuata njia hiyo hiyo. Kati ya 5/6 na 7/9 ipi kubwa? KDS ni 18: 15/18 na 14/18, basi 5/6 ni kubwa. Kutoa ni vilevile. Kuzidisha hakuhitaji asili zilingane, kwa hiyo asipoteze muda kutafuta KDS huko: 5/6 × 3/8 = 15/48, ambayo ni 5/16.