Maswali yenu kuhusu kulala hemani kando ya ziwa, kaskazini mwa Minnesota

Juni ikikaribia barua zenu hubadilika ghafla. Miezi ya baridi mnauliza habari za magari yasiyowaka. Sasa kila mmoja ana shemeji au mfanyakazi mwenzake anayemwita msituni. Nimechagua maswali machache.

Mume wangu ameshikilia twende kambi moja ya kaskazini isiyo na umeme wala bomba, choo ni cha shimo. Mimi maisha hayo nimekulia Bungoma. Kwa nini nilipe kuyarudia? – Mama wa Brooklyn Park

Mama, huenda hata usilipe. Katika Msitu wa Taifa wa Superior, ulioanzishwa 1909 na unaopakana na Kanada, kuna kambi ndogo za kando ya ziwa zisizotozwa ada yoyote. Unapata meza ya mbao, pete ya chuma ya kuwashia moto, mahali pa kupiga hema, na choo. Basi. Zile zenye pampu ya maji ya mkono mara nyingi hutoza kiasi. Ukichota ziwani, chemsha hadi maji yatokote kwa dakika nzima, hata kama yanaonekana safi kiasi gani.

Bungoma ilikuwa kazi ya kila siku. Hii ni siku mbili, na ukichoka gari liko pale. Tena utawashinda wengi: moto unaujua, kupika nje unakujua. Kitu usichokijua ni baridi ya huko, na wenzetu wengi huwa hawaulizi habari zake. Wanauliza dubu.

Dubu wapo kweli? Watoto wamekataa kwenda.

Wapo, na ni dubu weusi tu. Wale wakubwa wa kahawia mnaowaona kwenye filamu hawaishi Minnesota. Dubu mweusi ni mwoga wa watu ila ni mlafi, na pua yake ni kali ajabu. Kwa hiyo shida yako si dubu, ni chakula chako. Kila chenye harufu kifungiwe ndani ya gari usiku, vioo vikiwa vimepandishwa: unga, nyama, takataka, hata dawa ya meno na sabuni. Hemani kisiingie kitu, wala biskuti ya mtoto. Najua mtabisha kuhusu biskuti.

Akitokea, msikimbie. Simameni pamoja, pigeni kelele, gonganisheni sufuria, mrudi nyuma polepole huku mkimwachia njia ya kuondokea.

Tulikwenda mwaka jana mwezi wa Septemba tukatetemeka hadi asubuhi, na blanketi tulikuwa nazo nne. Tulikosea wapi? Safari hii nafikiria kuingiza jiko la makaa hemani.

Kaka, hapo kwenye jiko simama kwanza. Makaa ndani ya hema yanaua. Hewa yake ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki kujiokoa. Kuacha zipu wazi kidogo hakutoshi. Jiko la gesi nalo ni vivyo hivyo. Kila majira ya baridi watu wetu hufa kwa njia hii majumbani, sembuse ndani ya turubai.

Sasa blanketi. Kwa jinsi ulivyoeleza, naona mlijifunika vizuri juu mkasahau chini. Ardhi inanyonya joto la mwili usiku kucha, na godoro la kujaza upepo halizuii kitu kama halina povu ndani. Tandika godoro jembamba la povu, hata mawili, kisha ulale ndani ya mfuko wa kulalia uliotengenezwa kwa baridi. Septemba, usiku wa huko unaweza kushuka hadi maji yagande. Badilisha nguo zote kabla ya kulala, maana zile za mchana zina jasho, na pamba yenye unyevu inakupoza. Soksi za sufu, kofia kichwani. Chupa ngumu yenye maji ya moto, iliyofungwa sawasawa, iweke miguuni. Na kula kabla ya kulala. Mwili wenye njaa haupati joto.

Baridi hiyohiyo iko majini. Barafu ya maziwa hayo huyeyuka mwishoni mwa Aprili au Mei, kwa hiyo jua la Mei linadanganya: juu joto, chini maji yanayokukata pumzi ukianguka. Jaketi la kuokolea livaliwe mtumbwini na kila mtu. Sheria ya jimbo inawalazimisha watoto walio chini ya miaka 10 chombo kikiwa safarini. Mimi nawalazimisha hata wajomba.

Naweza kubeba kuni kutoka kwangu mjini? Za huko nasikia ni ghali.

Usibebe. Kuna mdudu mdogo wa kijani, asili yake Asia, aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002 na kufika Minnesota 2009. Ameangamiza miti mingi mno, na husafiri ndani ya kuni za watu kama wewe. Nunua karibu na kambi, au okota matawi makavu yaliyoanguka pale msitu unaporuhusu. Ukiondoka mwagia moto maji, koroga, mwagia tena, hadi jivu liguswe kwa mkono.

Na kupe?

Suruali ndefu ndani ya soksi, dawa ya kufukuza wadudu, na jioni mkaguane: kwapani, nyuma ya magoti, kwenye nywele. Kupe mwenye miguu myeusi hueneza ugonjwa wa Lyme. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja. Mambo ya mafuta ya taa na njiti ya kiberiti tuyaache. Ukiona wekundu unaotanuka, au homa, katika wiki zinazofuata, nenda hospitali useme uliumwa na kupe.

Swala tunafanyaje huko, simu ikiwa haina mtandao?

Kibla kutoka kule ni kaskazini-mashariki; beba dira. Nyakati za swala zipakue kabla ya kuondoka, kwa sababu Juni jua linazama kama saa tatu usiku na Isha inasogea hadi karibu saa tano.

Usiku nilisikia kama mtu analia ziwani. Sikulala tena.

Ni ndege anayeitwa loon, ndege rasmi wa jimbo hilo tangu 1961. Ana sauti kama ya mfiwa, na mara nyingine kama ya mtu anayecheka peke yake. Mbwa mwitu nao wapo huko, lakini wao mara nyingi hulia kwa kundi.

Chama chetu ni watu 14. Tunataka Boundary Waters.

Boundary Waters ni sehemu ya msitu huohuo iliyotengwa kwa mitumbwi, yenye maziwa zaidi ya 1,000, na masharti yake ni ya pekee. Kulala kati ya Mei 1 na Septemba 30 kunahitaji kibali cha kukatwa mapema, kundi halizidi watu 9 na mitumbwi 4, na makopo au chupa za glasi za vyakula na vinywaji haziruhusiwi. Msifikiri mtajigawa njiani kisha mkutane jioni: hao 9 ni kikomo popote mlipo pamoja, hata majini.

Kwa watu 14 chukueni nafasi mbili au tatu kwenye kambi ya kawaida inayofikiwa kwa gari. Anayetaka kuvua na ana miaka 16 au zaidi akate leseni ya jimbo mtandaoni. Na yule mweka hazina wenu mwenye spika kubwa, mwambieni aiache nyumbani.