Kabla Hujatuma Kianzio, Panda Mizani

Jumapili usiku nilikuwa natoa nguo kwenye kamba, simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa msomaji wa muda mrefu. "Shikamoo dada. Nina kilo 118 na nimechoka. Nimepata hospitali Istanbul ya kukata tumbo, bei nzuri. Wakala anataka kianzio kesho nisipoteze nafasi. Nijiandae na nini kingine?"

Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Ndoo haikupasuka, na siku hizi vitu kama hivyo nahesabu. Nikamwandikia maneno mawili tu: usitume, mdogo wangu. Akasoma. Hakujibu. Basi nikasema alfajiri nitaandika kwa kirefu, maana najua hayuko peke yake.

Kwanza niwape habari, maana nimeshindwa kukaa nayo. Nimepata tarehe! Alhamisi iliyopita daktari mpasuaji alifunga faili langu akasema, "Sasa uko tayari." Miaka miwili nilikuwa naisubiri sentensi hiyo. Nitafanyiwa upasuaji hapa hapa Dar es Salaam, wa matundu madogo, na wiki ijayo naanza ule mlo mkali wa kupunguza mafuta kwenye ini. Najua mtasema huyu hajakatwa bado na tayari yuko juu ya mimbari. Ni kweli. Lakini kinachoniliza mimi hakikutokea kwenye chumba cha upasuaji, kilitokea kabla, kwenye hatua za mwanzo ambazo mdogo wangu huyu anataka kuziruka kwa kutuma dola.

Mimi nilituma. Mwaka juzi nilikuwa nimepokea mchezo wa kazini, pesa iko mkononi inawasha. Nikampata wakala mmoja mtandaoni, mtu mwenye maneno matamu na picha nyingi za "kabla na baada". Akaniomba picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavu, na uzito wangu wa kukisia. Nikasimama mbele ya kabati nikajipiga. Dakika ishirini baadaye nikajibiwa kwamba nitafanyiwa ile ya kukata mfuko wa chakula ubaki mwembamba kama ndizi, siku nne hospitalini, usafiri wa uwanja wa ndege umo ndani. Kianzio dola 700. Hakuna aliyeniuliza naumwa nini, nalala vipi, wala natumia dawa gani. Na mimi niliona ni raha kwelikweli kutoulizwa! Miaka yote mtu mnene anahojiwa kama mwizi, kisha anatokea mtu anakuambia njoo tu.

Mama akaugua, safari ikafa. Nilipoomba pesa yangu nikaambiwa kianzio hakirudi, na baada ya hapo ujumbe wangu ukawa unasomwa bila kujibiwa. Mume wangu hajui mpaka leo ninapoandika haya, kwa hiyo baba watoto, kama unasoma, tutaongea usiku.

Sisemi Uturuki hakuna madaktari. Wapo wazuri, India pia wapo, na Watanzania wamekwenda wakarudi salama. Ninachosema ni kwamba picha ya ubavu si kipimo.

Baada ya hapo nilikaa miezi mingi nimenuna. Siisimulii, haina lolote isipokuwa chipsi mayai.

Nilipoamka nikaenda kliniki moja karibu na nyumbani. Nesi akanipandisha kwenye mizani, mshale ukaenda mpaka mwisho ukagota. Akapiga kelele kuelekea korido, "Jamani, mizani imegoma huku!" Benchi zima likageuka. Nilichukua mkoba wangu nikatoka, na bajaji niliyopanda nilimlipa dereva elfu mbili zaidi ili asichukue abiria mwingine, nilie kwa nafasi.

Sasa mimi nafanya kazi kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Ghalani kwetu Kurasini kuna mizani ya chini, bamba kubwa la chuma lenye kioo cha namba, ya kupimia makreti. Jumamosi moja wapakizi walipoondoka nikabaki kama nina hesabu za kufunga. Nikamwomba mlinzi ageuke. Nikapanda. Namba zikacheza kidogo kisha zikatulia: 138.4. Nikavua viatu, nikatoa simu na funguo mfukoni, nikapanda tena kama mtu anayekwepa ushuru. 137.9. Nikaiandika nyuma ya karatasi ya orodha ya mzigo kwa kalamu nyekundu. Mlinzi, ambaye bila shaka hakuwa amegeuka, akasema kwa upole kabisa, "Mzigo mzuri huo, dada." Sikujua nicheke au nimtukane.

Ila ile karatasi ninayo. Nimeibandika ndani ya mlango wa kabati. Miaka kumi nilikuwa nasema "kama mia na kumi hivi" kwa kila aliyeniuliza, pamoja na yule wakala. Mia na kumi!

Ukishakuwa na kilo za kweli, chukua urefu wako kwa mita, uzidishe kwa wenyewe, kisha kilo uzigawe kwa jibu hilo. Mimi nina mita 1.64, nikapata 51. Kuanzia 30 unaitwa mnene kupindukia. Zamani, tangu mwongozo wa Marekani wa 1991, upasuaji ulikuwa wa walio 40 na kuendelea, au 35 wakiwa na ugonjwa kama sukari au presha. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji wa fani hii vililegeza: 35 inatosha hata kama huna ugonjwa mwingine, na mwenye kisukari anaweza kufikiriwa akiwa na 30. Kwa hiyo mdogo wangu, ukiwa na urefu wa mita 1.60 hizo kilo 118 zinakupa 46. Unastahili. Hakuna haja ya kumbembeleza wakala akupokee.

Watu wataniuliza kuhusu puto, maana kila nikiandika mnauliza puto. Hospitali ya Mloganzila wanaweka. Linaingizwa kwa mdomo kwa endoskopu, ule mrija wenye kamera, linajazwa ndani ya tumbo, linakaa miezi sita au mpaka mwaka kutegemea aina yake, kisha linatolewa. Hakuna kinachokatwa. Mimi nililitaka sana kwa sababu ya woga. Daktari akaniambia kwa 51 yangu puto lingekuwa daraja tu, likitolewa njaa inarudi nyumbani kwake.

Sasa nisikilizeni kwenye vipimo, hapa ndipo roho yangu ilipo.

Hospitalini walinipima damu, sukari ya miezi mitatu, tezi ya shingo, madini ya chuma, vitamini. Wakanipima moyo. Kisha endoskopi, yaani kuingizwa ile kamera tumboni. Walinipulizia ganzi kooni, chungu kama shubiri, ulimi ukawa mzito kama si wangu, nikalazwa ubavu wa kushoto na kupewa kitu cha kung'ata. Nilipozinduka vizuri daktari akanionyesha picha: umio wangu, njia ya chakula kutoka kooni, umebabuka, mwekundu kama ngozi iliyomwagikiwa uji. Tindikali ya miaka. Mimi nilijua ni kiungulia cha kawaida, natafuna vidonge vya dukani kama karanga. Juu ya hapo wakakuta na bakteria wa vidonda vya tumbo, nikala antibayotiki siku 14, mdomo ladha ya shaba.

Daktari akachora kwenye karatasi. Ile ya kukata tumbo kama ndizi, ambayo huondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula na hairudishwi, mara nyingi huongeza kiungulia. Kwa umio kama wangu, akasema, baipasi ndiyo inafaa: unatengenezwa mfuko mdogo juu, utumbo unaunganishwa hapo, na tindikali haipandi ovyo. Nikaitazama ile karatasi nikamkumbuka wakala na dakika zake ishirini. Aliniuzia upasuaji usio wangu. Pesa niliyoililia mwaka mzima, nikaisamehe pale pale kwenye kiti.

Halafu akauliza dawa ninazotumia. Nikataja diklofenaki, kwa ajili ya magoti, karibu kila siku. Akaweka kalamu chini. Baada ya baipasi dawa za jamii hiyo zinatoboa vidonda pale penye maungio, huzigusi tena. Kwa hiyo kabla ya lolote ilibidi nijifunze kuishi na magoti yangu kwa njia nyingine, mazoezi ya kwenye maji na barafu. Unaona? Swali moja tu, natumia dawa gani. Wakala hakuwa nalo.

Na usingizi. Nyumbani nakoroma, watoto wanaigiza. Nilivalishwa kifaa kidoleni na mkanda kifuani usiku mmoja, asubuhi ikaonekana naacha kupumua mara nyingi kwa saa. Mtu wa hivyo akipewa dawa ya usingizi bila wahusika kujua ni hatari. Sasa nalala na mashine yenye barakoa, naonekana kama rubani, lakini sijawahi kuamka na kichwa chepesi hivi tangu nizae kifungua mimba.

Mtaalamu wa lishe ndiye aliyenivua nguo. Aliniambia niandike kila ninachoweka mdomoni kwa wiki mbili. Nikaandika kwa unyenyekevu mkubwa: chai bila sukari, wali kijiko kikubwa kimoja, mchicha, samaki wa kuchoma. Akasoma, akafunga daftari. "Mama, nani anaosha sufuria nyumbani kwako?" Mimi. "Na ukoko?"

Nilinyamaza. Ukoko! Kila usiku watoto wakishalala nasimama jikoni taa ya sebuleni imezimwa, nakwangua ukoko wa wali wa nazi kwa kijiko, sufuria nimeiegemeza kwenye tumbo. Mafuta yote ya nazi yameshuka pale chini. Wala sikuwa nadanganya kwenye daftari, sikujua kwamba ni chakula. Chakula kwangu kilikuwa kile cha kukaa mezani. Nikaanza kuandika na vya kusimama: kipande cha mkate cha mtoto, andazi la ofisini, mchuzi wa kuonja chumvi mara nne. Ukurasa ukajaa. Kwa kuacha vya kusimama tu, pamoja na kutembea jioni, nimeshuka kilo tisa kabla sijaguswa na kisu. Ndiyo, najisifu.

Kuna wanaosema kama umeshuka tisa, si uendelee hivyo hivyo? Shangazi yangu ndiye kiongozi wao. Alisema mbele ya ukumbi mzima wa kipaimara, sahani yangu ikiwa mkononi, "Ukatwe tumbo kwa sababu huwezi kufunga mdomo?" Shangazi huyu huyu ndiye aliyetulea na "kula mwanangu, mwili haujengwi kwa matofali." Video zote za Profesa Janabi, yule daktari wa moyo, za habari ya kula amenitumia yeye, zingine mara tatu. Mimi Profesa namheshimu, na aliyosema kuhusu vyakula vyetu ni kweli mpaka leo, hata sasa akiwa Brazzaville na Shirika la Afya Duniani. Lakini shangazi, nimeshuka kilo 20 mara tatu katika maisha yangu na zikarudi na wenzake. Mwili wenye 51 unapigania kurudi ulikotoka, homoni za njaa zinapanda. Upasuaji unagusa hizo homoni. Si njia ya mkato, ni vitamini kila siku mpaka naingia kaburini. Bima yangu nayo ilijibu kwa mstari mmoja kwamba ni "huduma ya urembo." Urembo, na mimi nafunga kamba za viatu nikiwa nimeshika pumzi.

Wanawake wenzangu, acheni kutafuta wa kuwaonea huruma na acheni kujificha kwenye dera. Mjipime. Mjiandike. Kama unavuta sigara acha leo, usingoje tarehe. Kama unapanga kuzaa, sema mapema, kwa sababu wanashauri usibebe mimba mwaka hadi mwaka na nusu baada ya upasuaji, na kupungua kunaweza kurudisha uwezo wa kushika mimba ghafla. Na mwambie mtu mmoja wa nyumbani ukweli, kwa maana utakapoanza kukonda mtaa utaanza kunong'ona kwamba una ngoma, na wewe utahitaji mtu wa kucheka naye.

Kwako mdogo wangu wa ujumbe: wiki hii usitafute hospitali. Tafuta mizani inayokufikia, hata kama ni ya kupimia mizigo. Nunua daftari, andika na vya kusimama. Kusanya majina ya dawa zako zote. Kisha ndiyo uingie kwa daktari, na daktari huyo akuingize kamera kabla hajakutajia bei. Mizani kwanza. Nimesema mara ngapi?

Nilikuwa nimeshamaliza kuandika, saa mbili asubuhi hii, akanijibu. Kuhusu kianzio hajasema kitu. Ametuma picha moja, kaipiga akitazama chini: miguu yake miwili juu ya mizani ya duka la nafaka, kucha zina hina ya zamani, na unga kidogo pembeni ya kidole. 126.2.