Zijue simu za intaneti zilizo kwenye mtandao wako kabla wageni hawajazijua

Ukiwa na seva ya simu za intaneti iliyo wazi kwa dunia nzima, jua kwamba wapo watu wanaoipigia hodi usiku na mchana. Kama seva yako inaendeshwa na Asterisk, programu ya kuendesha seva za simu, washa kumbukumbu za ujumbe wa SIP (lugha ambayo simu za intaneti huzungumza) usome majina ya programu zilizokuja kuuliza. Ukikuta friendly-scanner, hiyo kwa kawaida ni svmap au zana mwenzake, au mtu aliyechukua msimbo wake wa programu akautumia bila kubadilisha jina. Svmap hutafuta simu na seva za simu kwenye mtandao, nayo ni sehemu ya SIPVicious, zana alizozitoa Sandro Gauci mwaka 2007 kwa ajili ya wakaguzi wa usalama. Wezi nao wanaitumia. Ndiyo maana namshauri kila fundi anayefunga simu hizi aijue vizuri, aitumie kwanza kwa mteja wake, aone kile ambacho mwizi angekiona.

Nafanya kazi za mitandao hapa Tabora. Wateja wangu wengi ni gesti, shule na ofisi ndogo ndogo, kuanzia Ipuli hadi Kanyenye. Mara nyingi fundi wa kwanza alishaondoka mjini, karatasi za nywila hazipo, na hakuna anayejua kwa hakika simu ngapi zimechomekwa kwenye swichi. Hapo ndipo skani inapofaa kuliko kitu kingine chochote.

Kabla ya amri yoyote, omba idhini. Hata kama mwenye gesti ni mama unayemheshimu, anayekuita mwanangu na kukukaribisha chai, mwambie: "Mama, naomba uniandikie mistari miwili kwamba umeniruhusu kukagua mtandao wako wa simu, na tarehe yake." Hatanuna. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haichekeshi, na ile karatasi inakulinda wewe na yeye.

Sasa kazi yenyewe. Ukiwa umeunganishwa ndani ya mtandao wa ofisi, andika:

svmap 192.168.1.0/24

Badilisha namba ziendane na mtandao uliopo. Ukiwa umeipakua kwa pip, kisakinishi cha programu za Python, jina la amri ni sipvicious_svmap. Itapita kwenye anwani zote za mtandao huo na kutuma ujumbe wa SIP uitwao OPTIONS kwenye poti 5060 ya UDP. Ujumbe huo ndio hodi ninayoizungumzia: unauliza tu "uko hapo, unaweza nini?" na simu hailii. Kifaa kikijibu, unapata anwani yake na, mara nyingi, jina la programu yake pamoja na toleo. Kwa sababu hii napenda svmap kuliko skani ya kawaida ya poti. Nmap, zana maarufu ya skani hiyo, ikituma pakiti ya UDP na kifaa kikanyamaza, inakuambia poti ama iko wazi ama imechujwa, na hapo hujapata kitu. Svmap inazungumza lugha ya simu, kwa hiyo kinachojibu unajua kweli ni simu au seva ya simu.

Usibadilishe OPTIONS kuwa INVITE kwa udadisi. INVITE ni mwito wa kupiga simu, na kuna simu zitakazolia. Fikiria gesti yenye wageni walioshuka kwenye treni ya usiku kutoka Dar, simu za vyumba vyote zinalia kwa mpigo, na akipokea mtu, upande wa pili kimya.

Matokeo yakija, usifurahie orodha peke yake. Chukua daftari, zunguka vyumba na meza, andika kila simu unayoiona kwa macho, kisha linganisha. Thamani ya skani iko kwenye tofauti ya orodha hizo mbili. Anwani inayojibu lakini huoni kifaa chake huenda ni adapta iliyosahaulika juu ya kabati, au kamera ya mlangoni yenye simu ndani yake. Simu unayoiona kwa macho lakini haijibu huenda inatumia poti nyingine, au TLS (mawasiliano yaliyosimbwa) kwenye 5061, au iko kwenye VLAN tofauti, yaani sehemu ya mtandao iliyotengwa, au imezimwa tu. Jaribu svmap kwa -p 5060-5070 kabla hujasema haipo. Na kama umeme ulikatika asubuhi, huenda ruta imegawa anwani upya, basi usitegemee orodha ya jana. Simu za kazi zipangie anwani za kudumu.

Skani ya ndani ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuangalia kutoka nje, ukitumia laini tofauti na ya ofisi, uone kama anwani ya ofisi inajibu kwenye 5060. Hapa nawasihi muwe waangalifu sana. Ofisi nyingi zinatumia intaneti ya laini ya simu, na mtoa huduma huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ingia kwenye ruta usome anwani ya upande wa intaneti. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, au haifanani na ile inayoonekana ukiwa nje, basi anwani ya nje si ya mteja wako peke yake. Usiiskani, maana kibali ulichopewa hakiifikii.

Seva ikijibu kutoka nje, usilale bila kushughulikia. Wezi wakishaipata, hatua yao inayofuata ni kutafuta ekstensheni (namba za ndani za simu) na kukisia nywila, kisha kupiga simu za gharama kubwa nje ya nchi, mara nyingi usiku au mwisho wa wiki. Bili inamwangukia mwenye seva. Kwanza zuia 5060 kwenye ruta, uruhusu anwani za mtoa huduma wa simu tu. Kisha badilisha kila nywila inayofanana na namba ya ekstensheni. Ekstensheni 100 yenye nywila 100 nimeikuta mara nyingi mno, na inaniuma kila ninapoiona. Ondoa uwezo wa kupiga nje ya nchi kwa asiyeuhitaji, na weka fail2ban, programu inayofungia anwani zinazokosea nywila mara nyingi. Kuzuia jina friendly-scanner peke yake hakutoshi, kwa kuwa jina hilo hubadilishwa kwa mstari mmoja.

Matokeo yahifadhi kwa kuongeza -s na jina la skani, halafu mwachie mwenye ofisi nakala yake kwenye karatasi pamoja na ile orodha ya daftari. Ruta mpya ikifungwa au fundi mwingine akigusa mipangilio, rudia skani siku hiyo hiyo, ndani na nje, kwa idhini mpya.